Kiwanja cha Watu ni Amana Mkononi mwa Halmashauri

Katika Sura An-Nisaa ya Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu anawaamuru waaminio wawarudishie amana wale wanaozistahiki, na katika aya hiyo hiyo anawaamuru kwamba wahukumupo baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Amri hizi mbili hazikuwekwa pamoja bure. Watu wengi wasikiapo neno amana fikira zao huenda kwenye fedha iliyowekwa kwa jirani, au mzigo ulioachwa dukani mpaka mwenyewe arudi kutoka safarini. Hiyo ni amana kweli, na ole wake aihiniye. Lakini aya yenyewe imeiunganisha amana na hukumu, yaani na madaraka ya kutawala watu, na wafasiri wengi wameeleza kwamba tukio lililohusishwa nayo lilikuwa la ufunguo.

Habari yake ni hii. Siku mji wa Makka ulipofunguliwa, ufunguo wa Kaaba ulikuwa mkononi mwa Uthman bin Talha, wa ukoo wa Banu Abdid-Dar, ukoo uliokuwa na kazi hiyo tangu zamani za ujahili. Mtume Mtukufu s.a.w. akauchukua ufunguo, akafungua, akaingia. Alipotoka, jamaa zake wa karibu wakamwomba heshima hiyo iwe ya nyumba yao, iongezwe juu ya kazi ya kuwanywesha maji mahujaji waliyokuwa nayo tayari. Mtume s.a.w. akaamuru Uthman bin Talha aitwe, akamrudishia ufunguo wake.

Ndugu zangu, litazameni jambo hili vizuri. Siku hiyo hapakuwa na mtu katika Makka yote aliyeweza kumzuia Mtume s.a.w. asifanye apendavyo. Jeshi la watu 10,000 lilikuwa nyuma yake. Waombaji walikuwa jamaa zake mwenyewe. Na Uthman bin Talha hakuwa na nguvu yo yote ya kuudai ufunguo ule. Ufunguo ulirudi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba uwezo wa kuchukua kitu hauleti haki ya kuwa nacho.

Nataka leo tuipime kwa kipimo hicho amana ya aina moja ambayo hotuba zetu huigusa kwa nadra sana: kiwanja cha wazi kilichonunuliwa kwa fedha ya watu wote, kikatengwa kwa ajili ya watu wote, kisha kikawekwa chini ya ulinzi wa halmashauri ya mji. Kila msomaji anakijua kiwanja cha namna hiyo. Hapo watoto hucheza mpira alasiri, wazee hukaa kivulini, Sala ya Idi husaliwa, na siku ya msiba mkubwa jeneza huwekwa mbele ya safu kwa kuwa msikiti umejaa. Thamani yote ya kiwanja hicho imo katika uwazi wake. Hakina jengo wala duka, na mlangoni hapadaiwi ada. Na hapo ndipo ilipo hatari yake, maana jicho la mfanya biashara, na wakati mwingine jicho la diwani, likiona mahali pasipojengwa husema mahali pale hapatumiki.

Ni nani aliyekinunua kiwanja hicho? Hakununua diwani, wala mkurugenzi, wala chama. Kimenunuliwa na mchuuzi wa samaki aliyelipa ushuru wa sokoni, na mwenye nyumba aliyelipa kodi ya jengo, na mjane aliyekatwa senti zake aliponunua sukari. Kila mmoja ametoa kidogo, na kidogo hicho kilipokusanywa kikanunua kitu ambacho hapana hata mmoja wao angeweza kukinunua peke yake. Maskini hana bustani nyuma ya nyumba yake. Bustani yake ni ile.

Hadithi zinatupa mfano wa ununuzi wa namna hii. Muhajirina walipofika Madina walitaabika kwa maji matamu, na kisima cha Ruma kilikuwa na mwenyewe aliyeuza maji yake. Mtume s.a.w. akauliza ni nani atakayekinunua, kisha ndoo yake iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine. Seyidna Uthman bin Affan r.a. akakinunua kwa mali yake. Sharti lile la ndoo lina maana kubwa. Aliyetoa fedha yote hakupewa hata zamu ya kwanza. Ikiwa yeye aliyelipa mwenyewe alisimama katika safu moja na wasiolipa kitu, basi itakuwaje kwa mlinzi ambaye hakulipa cho chote zaidi ya wenziwe, naye akadhani kisima ni chake?

Nitatoa mfano kutoka Uingereza, kwa kuwa serikali za mitaa katika nchi zetu za Afrika Mashariki zilijengwa kwa kufuata sheria za huko, na kwa kuwa mwaka 2023 ilitolewa huko hukumu iliyolifafanua jambo hili kuliko hotuba nyingi.

Katika karne ya kumi na tisa miji ya Uingereza ilijaa viwanda, moshi na vyumba finyu, na watu wakafa kwa magonjwa ya msongamano. Bunge lao likatunga Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875, ambayo iliziruhusu halmashauri za miji kununua ardhi ili iwe mahali pa watu kutembea na kupumzika. Tazama kwamba jambo hili liliwekwa katika sheria ya afya, pamoja na mifereji ya maji machafu. Hawakulihesabu kuwa anasa. Kisha ikaja Sheria ya Viwanja vya Wazi ya mwaka 1906, ikasema kwamba halmashauri iliyopata kiwanja cha namna hiyo hukishika kwa udhamini, ili watu wakifurahie. Neno walilolitumia ndilo hasa neno letu la amana.

Hata kabla ya sheria hiyo ya pili, majaji wakubwa wa nchi ile walikwisha kulisema. Kusini mwa London iko bustani iitwayo Brockwell Park, iliyonunuliwa kwa fedha ya umma pamoja na michango, ikafunguliwa mwaka 1892. Mbunge Thomas Lynn Bristowe, aliyehangaika sana mpaka ikanunuliwa, alianguka akafa siku ile ile ya kuifungua. Baadaye wakusanya kodi wa mtaa wa Lambeth walitaka kuitoza halmashauri ya London kodi ya ardhi ile, kama atozwavyo mwenye mali ye yote. Shauri likafika mpaka Baraza la Malodi mwaka 1897, na jibu likawa kwamba halmashauri haina faida ya kutozwa, kwa sababu ardhi ile wanaoifaidi kwa kweli ni watu, na halmashauri ni mlinzi na mdhamini wao tu. Nimeitaja habari hii kwa makusudi. Halmashauri inapotakiwa kulipa kodi husema, mali hii si yangu, ni ya watu. Basi na ikumbuke maneno hayo hayo siku mnunuzi atakapobisha hodi.

Sasa tuje kwenye mji wa Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mwaka 1926 halmashauri ya mji huo ilipata ardhi katika mtaa wa Greenfields, ikawa uwanja wa michezo na mapumziko ya watu. Miaka ikapita. Halmashauri iliyoipata ilikoma mwaka 1974 serikali za mitaa zilipopangwa upya, ikarithiwa na nyingine. Na hiyo nayo ikakoma mwaka 2009, ardhi ikaangukia mikononi mwa baraza dogo la mji. Karatasi zikahama kutoka kabati hadi kabati. Walioijua ardhi ile tangu mwanzo wakafa au wakastaafu. Ikafika siku ambapo waliokuwa na ufunguo hawakujua tena kwamba kipande kimoja cha ardhi ile kilikuwa ni amana.

Mwaka 2017 baraza la mji likakiuza kipande hicho kwa mjenzi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972 ilikuwa imeweka sharti jepesi kwa jambo kama hili. Halmashauri ikitaka kuuza kiwanja cha wazi, lazima kwanza itangaze katika gazeti linalosomwa mahali pale, wiki mbili mfululizo, kisha iyafikirie mapingamizi ya watu. Hakuna zaidi. Sheria haikuitaka ipigishe kura wala ipate ridhaa ya kila mkazi. Ilitaka iseme hadharani na isikilize. Tangazo hilo halikutolewa. Mwaka 2018 halmashauri ya wilaya nzima, Shropshire, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya mipango, ikatoa kibali cha kujengwa nyumba 15.

Mkazi mmoja wa mji ule akalipeleka shauri mahakamani. Akashindwa mwaka 2019. Akakata rufani, akashindwa tena mwaka 2020. Hoja iliyomshinda ilikuwa hii: sheria ile ile ya 1972 inasema kwamba mauzo hayabatiliki kwa sababu tu tangazo halikutolewa, na mnunuzi halazimiki kuchunguza kama lilitolewa, basi mnunuzi amekwisha kupata ardhi yake, na haki ya watu imekwisha. Watu wengi wangekata tamaa hapo. Yeye akaenda katika mahakama iliyo juu ya zote, na tarehe 1 Machi 2023 majaji watano kwa kauli moja wakampa haki.

Walisema nini? Walisema kwamba sheria imemlinda mnunuzi ili asinyang'anywe ardhi, lakini kumlinda mnunuzi ni jambo moja na kuifuta haki ya watu ni jambo jingine. Haki ya watu hufutika kwa njia moja tu, nayo ni kutangaza na kusikiliza kama sheria ilivyoagiza. Tangazo halikuwapo, basi ardhi ilikwenda kwa mnunuzi ikiwa bado imebeba mgongoni haki ya watu ya kuitumia kwa mapumziko yao. Na kwa kuwa halmashauri ya Shropshire ilitoa kibali cha kujenga bila ya kulizingatia jambo hilo, kibali kikafutwa.

Nimelisimulia shauri hili kwa urefu kwa sababu halikumhusu mwizi. Hapakuelezwa rushwa, wala bahasha, wala shamba la diwani. Kosa lilikuwa kusahau. Sisi katika hotuba zetu hupiga kelele juu ya wezi wa mali ya umma, na ni sawa tupige, lakini amana nyingi hufa kwanza katika kumbukumbu, na mwizi huja baadaye akakuta mlango hauna mlinzi. Karani mpya hakuonyeshwa faili, diwani mpya hakuuliza, ramani ikaliwa na mchwa, na wakazi waliozoea kupita kiwanjani kila siku wakadhani kitu kilicho wazi namna ile hakihitaji kuandikwa.

Hapa ndipo ilipo hekima ya aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu. Aya hiyo, iliyo karibu na mwisho wa Sura Al-Baqara, haikuja kueleza sala wala saumu. Imekuja kuamuru deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na muda wake utajwe, na mwandishi asikatae kuandika, na mashahidi waitwe, na wasikatae waitwapo. Mtu aliyesoma aya hiyo hawezi kusema kwamba faili na daftari ni mambo ya kidunia yasiyohusu dini. Mwenyezi Mungu ajuaye udhaifu wa kumbukumbu ya mwanadamu ameyaweka maandishi kuwa sehemu ya uaminifu wenyewe. Karani wa halmashauri anayeandika mhutasari wa mkutano kwa ukamilifu, akaandika kwamba kiwanja namba fulani kilinunuliwa mwaka fulani kwa kazi fulani, anafanya ibada, hata kama mshahara wake ni mdogo na hakuna anayemshukuru. Na lile tangazo la gazetini, wiki mbili mfululizo, lina nini ndani yake isipokuwa kuwaita mashahidi?

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi na twende Mombasa. Tarehe 21 Aprili 2023, wiki saba tu baada ya hukumu ya Shrewsbury, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi juu ya ardhi ya ufuoni iliyokuwa imetengwa kuwa mahali pa wazi. Ardhi hiyo iliandikishwa mwaka 1989 kwa jina la Rais wa nchi wa wakati ule, ikapita katika mikono mingine, mpaka ikanunuliwa na kampuni iitwayo Dina Management. Ukuta ukazungushwa. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikaubomoa ukuta huo ili watu wapate njia ya kufika baharini. Kampuni ikashitaki, ikisema: nina hatimiliki, nilinunua kwa nia njema, nililipa. Ikashindwa katika mahakama ya kwanza, ikashindwa katika rufani, na Mahakama ya Juu nayo ikaikatalia. Majaji walisema kwamba hatimiliki peke yake haitoshi. Lazima itazamwe imetoka wapi. Ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote haikuwa ya kugawiwa mtu, na ikiwa aliyetangulia hakupata kitu kwa haki, hawezi kumpa wa pili kile asichokuwa nacho, japokuwa wa pili ana nia njema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 40, haiilindi mali iliyothibitika kuwa ilipatikana kinyume cha sheria.

Zilinganishe hukumu hizi mbili, ndugu msomaji. Kule Shrewsbury baraza la mji ndilo lililouza, na mkazi mmoja akawa mtetezi. Huku Mombasa serikali ya kaunti ndiyo iliyosimama na watu. Kule mnunuzi alibaki na ardhi yenye haki ya watu juu yake. Huku hatimiliki ya mnunuzi haikupata ulinzi. Mimi kwa upande wangu naiona hukumu ya Mombasa kuwa karibu zaidi na roho ya mafundisho yetu, maana Mtume s.a.w. ametuonya kwamba achukuaye hata shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa ardhi hiyo shingoni Siku ya Kiyama kutoka tabaka zote saba. Hata hivyo namhurumia mnunuzi aliyetoa fedha yake kwa kuiamini karatasi. Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu wafanya biashara, kabla hujanunua kiwanja katikati ya mji waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini pale zamani. Wakikuambia palikuwa uwanja wa mpira, ondoka na fedha yako.

Ukubwa wa tatizo hili hatuwezi kuuficha. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake Kenya mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma za kila aina, pamoja na viwanja vya wazi katika miji, zilivyogawiwa watu binafsi kwa miaka mingi. Na tarehe 19 Januari 2015 dunia nzima iliona picha za watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, mjini Nairobi, wakipigwa mabomu ya machozi kwa sababu walisukuma ukuta uliojengwa katika uwanja wao wa kuchezea. Uwanja ulirudishwa. Lakini ni jambo la kuhuzunisha kwamba watoto wenye sare za shule walilazimika kufanya kazi ambayo watu wazima wenye nyadhifa walikuwa wamelipwa kuifanya.

Tanzania nayo ina neno lake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ya nchi ni ya umma, na imewekwa kwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Ikiwa Rais mwenyewe ameitwa mdhamini, basi mwenyekiti wa mtaa aitweje?

Najua jibu litakalotolewa. Halmashauri ni maskini. Zahanati haina dawa, barabara imechimbika, na watu wanahitaji nyumba za kulala. Mwenye kusema hivyo hasemi uongo, na mimi sidai kwamba kila shibiri ya ardhi ya wazi ibaki kama ilivyo mpaka mwisho wa dunia. Hata katika wakfu, ambao asili yake haiuzwi wala hairithiwi, kama Seyidna Umar r.a. alivyoweka wakfu ardhi yake ya Khaibar, wako wanavyuoni walioruhusu mali iliyokwisha manufaa kubadilishwa na nyingine iliyo bora, kwa amri ya kadhi na machoni pa watu. Njia ipo, lakini hupita hadharani. Kile kisichoruhusiwa ni mlinzi kuamua peke yake, chumbani, kwamba wenye mali hawaihitaji tena. Tena fedha ya kiwanja huliwa katika bajeti ya mwaka mmoja, na zahanati mwaka ujao itahitaji dawa nyingine, nacho kiwanja hakipo tena cha kuuzwa, wala hapana halmashauri itakayoweza kukinunua tena kwa bei ile katikati ya mji uliojaa.

Seyidna Umar r.a. alikabiliwa na jambo la namna hii. Kulikuwa na malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya umma, naye akamweka mtumishi wake Hunayy kuyasimamia. Imepokewa katika Bukhari kwamba alimwagiza awe mpole kwa watu na aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, lakini awe macho na mifugo ya Ibn Auf na ya Ibn Affan. Hawa walikuwa matajiri, lakini walikuwa pia miongoni mwa masahaba watukufu kabisa, na Ibn Affan ni huyu huyu aliyenunua kisima cha Ruma. Sababu aliyoieleza Umar r.a. ni kwamba mifugo ya matajiri hawa ikifa, wao watarudi kwenye mitende na mashamba yao. Bali mwenye wanyama wachache wakimfia, atakuja kwa Khalifa na watoto wake wakilia, na hapo itabidi atolewe dhahabu na fedha katika hazina. Maji na majani, akasema, ni rahisi kwangu kutoa kuliko dhahabu. Kisha akaongeza jambo ambalo watawala wachache hulikiri: kwamba watu wa mahali pale huona amewadhulumu kwa kuyahifadhi malisho yale, maana nchi ni yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu wakiwa juu yake.

Hiyo ndiyo hesabu ya halmashauri iliyo na akili. Kiwanja cha wazi ni majani na maji ya maskini wa mjini. Mtoto asiye na mahali pa kucheza huenda barabarani, na asiyegongwa na gari hufunzwa na vijiwe mambo ambayo baadaye yatagharimu polisi, mahakama na hospitali. Bali mtoto wa tajiri ana ua wake mwenyewe.

Ama diwani ambaye mnunuzi amemletea zawadi, naye anajiambia kuwa ni zawadi ya urafiki tu, na aikumbuke habari ya Ibn al-Lutbiyya. Mtu huyu alitumwa na Mtume s.a.w. kukusanya zaka, akarudi akagawa mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume s.a.w. akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi ile ingemfuata huko. Diwani na ajiulize vivyo hivyo: kabla hajachaguliwa, mjenzi yule alipata kumletea hata kilo moja ya sukari?

Na sisi wananchi tusijitoe. Amri ya kutoficha ushahidi imo katika Sura hiyo hiyo ya Al-Baqara. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi, lakini viti vya wasikilizaji hukaa vitupu. Matangazo hubandikwa ubaoni na hakuna ayasomaye mpaka buldoza limefika, ndipo tunapokusanyika na kulia. Yule mkazi wa Shrewsbury hakuwa na cheo. Alikuwa na subira ya kusoma karatasi za mwaka 1926 na kusimama mbele ya mahakama tatu kwa muda wa miaka minne.

Katika miji yetu mingi ramani za asili zimepotea, lakini watu walioona vigingi vya mipaka vikipigwa bado wapo, ingawa wanapungua kila mwaka. Wazee hao waendewe sasa, wakiwa hai na kumbukumbu zao nzima, waulizwe kiwanja kilipatikana lini, kutoka kwa nani, na mpaka wake ulipita wapi. Maneno yao yaandikwe, tarehe iwekwe, mashahidi wawili watie sahihi, na nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri ipigwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine ibaki katika kabati la msikiti.